Kwa somo yangu wa Pangani

Ngamiani, Tanga

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Barua yako imefika. Umeniuliza nyie kina mama mliojitolea kuwatembelea wagonjwa wa saratani mseme nini mkifika, maana hamtaki kukaa mkekani na kutoa pole tu. Mimi naona msianze na maneno. Anzeni na maumivu na harufu.

Mtu aliyeumwa usiku kucha hafarijiki. Ulizeni kwanza dawa: anapewa nini, saa ngapi, na nani. Mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, hunywewa kila baada ya saa nne, kwa saa, hata kama maumivu hayajarudi. Ndugu wengi huogopa kwamba mgonjwa atazoea, wakamsubirisha mpaka alie, na maumivu yakishapanda hushuka kwa shida. Halafu mofini hufunga choo. Dawa ya kulainisha choo iandamane nayo tangu siku ya kwanza, la sivyo mgonjwa mwenyewe ataikataa mofini kwa sababu ya tumbo. Mkikwama ulizeni Hospitali ya Bombo, au Hospitali Teule ya Muheza, ambako tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, imefanyika kwa miaka mingi.

Harufu nayo inataka moyo. Jeraha la titi likipasuka hunuka, na watu huanza kuishia mlangoni. Nyumba nyingi huchoma udi. Mgonjwa anajua fika udi ule umewashwa kwa ajili gani, naye hugeukia ukutani na kunyamaza. Harufu ile inatokana na bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa, na metronidazo, ile ambayo madukani huitwa Flagyl, huwaua. Chemsheni nusu lita ya maji, tieni kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaacheni yapoe. Osheni jeraha bila kusugua, likausheni kwa kugusagusa, kisha sageni tembe ziwe unga laini na kunyunyiza juu. Mara ya kwanza muuguzi wa zahanati awepo, aoneshe kiasi. Funikeni kwa kipande cha kanga kuukuu iliyofuliwa na kupigwa pasi. Kikigandia msikivute, kitatoa damu. Kiloweshwe kwanza kwa maji yale yale. Harufu ikipungua wageni hurudi kukaa karibu, na mgonjwa huanza kuongea bila kubembelezwa.

Hapo ndipo muulize habari za moyo. Ukisema "Hujambo?" utajibiwa "Alhamdulillahi", na mazungumzo yamekwisha. Afadhali umuulize usiku analalaje, na akiamka anawaza nini. Kisha kuna maswali mawili yanayotumika hospitalini: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umekuwa na huzuni, au kukata tamaa? Hakuna hata siku moja ni 0, siku kadhaa ni 1, zaidi ya nusu ya siku hizo ni 2, karibu kila siku ni 3. Jumlisheni. Ikifika 3, apelekwe akapimwe sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa maswali kamili. Uchovu na kukosa hamu ya kula visiwababaishe, kwani saratani na matibabu yake huleta hayo pia. Tazameni zaidi kama hafurahii hata kile anachokiweza, kama vile kumbeba mjukuu, na kama anajiona mzigo.

Akisema yeye ni mzigo, muulizeni waziwazi kama amewahi kufikiria kujitoa uhai. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Wengi hupumua kwamba wamepata wa kumwambia. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa zote zikae kwa mtu mwingine, na aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Amitriptilini, inayotolewa sana kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kwa sonona, ikinywewa nyingi kwa mpigo huua moyo. Ombeni itolewe ya wiki moja moja.

Akianzishiwa dawa ya sonona mwambieni haifanyi kazi kesho. Huchukua wiki mbili hadi nne. Na anayetumia tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, amwambie daktari, maana fluoksetini, mojawapo ya dawa za sonona, huipunguzia nguvu.

Jambo lingine linapotea sana huku pwani. Mgonjwa mwenye akili timamu akianza ghafla kuweweseka, leo mzima, usiku hawatambui watu, nyumba nzima husema ni jini. Mara nyingi ni maambukizi, upungufu wa maji, choo kilichofunga au kalisiamu iliyopanda kwenye damu. Hospitali, upesi. Dua isomwe njiani.

Sasa anayemuuguza. Huyu, mara nyingi binti au mkamwana, hakuna anayemuuliza kitu. Mfuateni jikoni, mbali na mgonjwa, mumuulize yale yale maswali mawili, na kama amekula leo. Msimwambie "tuko pamoja". Wote husema hivyo wiki ya kwanza. Chukueni karatasi, andikeni nani atalala pale Jumatatu, nani Alhamisi, na ibandikwe ukutani ili yeye apate japo usiku mbili za usingizi kwa wiki.

Kwa wanaokwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi kwa kawaida ni mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tano, na baadaye mionzi ya ndani, inayowekwa ndani ya mwili. Matibabu yote yanatakiwa yaishe ndani ya wiki nane. Yakikatika nguvu yake hupungua. Wanaokatiza si wakaidi. Wameishiwa pa kulala na nauli, au wana mawazo ya watoto walioachwa. Kwa hiyo kabla hajapanda basi, awe na barua ya mtendaji wa kijiji ya kupeleka ustawi wa jamii kuombea msamaha wa gharama, ajulikane anafikia kwa nani, na watoto wawe wamekabidhiwa mtu mwenye jina. Mmoja wenu ampigie simu kila Jumapili, kabla wiki mpya haijaanza.

Niandikie mko wangapi, na wangapi kati yenu wanajua kusoma vizuri, nikuandalie karatasi za yale maswali mawili kwa herufi kubwa. Msalimie mama sana.

Wako,
Somo