Kuhusu vidonge vya macho ulivyotutumia

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mzigo umefika salama, na baba yako anakusalimu sana. Ahsante kwa kutujali. Ila kabla hujanunua makopo mengine, nisikilize.

Unamjua mama yako: nimestaafu uuguzi, lakini simezi kitu kabla ya kusoma maandishi yote ya kwenye kopo. Fomula ya vidonge hivyo ilitokana na utafiti wa taasisi ya macho ya serikali ya huko huko Marekani, uliotoa matokeo 2001. Wengi wa waliopimwa ni wazee ambao makula, ile sehemu ndogo ya katikati ya retina (pazia la nyuma ya jicho linalopokea mwanga) tunayosomea herufi na kutambulia nyuso, imeanza kuchakaa. Kwa waliofikia hatua ya kati, vitamini C na E, zinki na beta-karotini (ile rangi ya karoti) kwa vipimo vikubwa vilipunguza kwa robo hivi hatari ya kufika hatua mbaya ndani ya miaka 5. Si haba. Lakini kwa asiye na ugonjwa huo, vidonge havikuonekana kuuzuia usianze. Mimi sina. Nilicho nacho ni mtoto wa jicho, la kushoto, na huyo hatoki kwa kidonge; hutolewa kwa upasuaji.

Kopo la baba yako ndilo lililonishtua. Ni la fomula ya zamani, lenye beta-karotini. Kwa vipimo vile huongeza hatari ya saratani ya mapafu kwa wavutaji, na hata walioacha sigara hawako salama. Ndiyo maana utafiti wa pili, wa 2013, uliweka ndugu zake wawili, lutini miligramu 10 na zeaksanthini miligramu 2, mahali pake. Baba yako umemkuta na sigara mdomoni tangu unazaliwa. Nimelificha kopo, maana yeye kikitoka ng'ambo anameza tu. Karoti za kwenye sahani hazina neno, ale atakavyo.

Lutini yenyewe tunayo hapa Tanga: mchicha, matembele, kisamvu, kiini cha yai, mahindi ya njano. Inahitaji mafuta ili mwili uifyonze, kwa hiyo mchicha wa nazi unaushinda wa chukuchuku. Vidonge vya mafuta ya samaki navyo vilijaribiwa kwenye utafiti huo wa pili, havikuongeza kitu. Vibua tutaendelea kula kwa sababu ni vitamu.

Hela ya makopo tuma ya vipimo. Baba yako ana sukari na hajapimwa retina tangu agundulike, wala presha ya macho. Sukari na presha ya macho humwibia mtu uoni bila maumivu yoyote, akija kushtuka kilichopotea hakirudi. Mpigie wewe umwambie, mimi ameshanizoea.

Upasuaji wangu ni baada ya Idi. Usikate tiketi kwa ajili hiyo, naenda asubuhi na kurudi siku hiyo hiyo.

Mama yako