Barua ya safari ya Kyoto kwa somo yangu

Osaka, Jumapili usiku

Somo yangu Zainabu,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta salama, wewe, mama na watoto. Mimi sijambo, ila baridi ya Novemba huku inaingia mpaka kwenye mifupa. Hapa naandika nimejifunga ile kanga uliyonipa juu ya sweta.

Ulitaka nikuandikie kwa mkono kama tulivyokuwa tukiandikiana zamani za shule, na ukanikanya kabisa: nisikueleze habari za majengo tu, nikwambie watu wanakula nini. Nitakwambia. Lakini univumilie kidogo, kwanza kuna mawe.

Jana ndiyo ilikuwa siku yetu ya kupumzika kwenye haya mafunzo ya maji. Wenzangu walikwenda madukani. Mimi niliondoka peke yangu alfajiri, nikapanda treni ya kwenda Kyoto, nusu saa tu kutoka hapa. Kyoto ulikuwa mji mkuu wa Japani tangu mwaka 794 mpaka mfalme alipohamia Tokyo katika karne ya 19, kwa hiyo mahekalu yake hayahesabiki. Nilijiwekea nadhiri nisiyakimbilie yote. Mawili matatu, lakini niyatazame vizuri.

Nilianza na Ryoan-ji, hekalu la Wabudha wa Zen lililoanzishwa mwaka 1450. Wanafungua saa mbili asubuhi, na saa mbili nilikuwa mlangoni. Unavua viatu, unaviweka kwenye rafu, unapita juu ya mbao zilizolainishwa na nyayo za watu mpaka unatokea barazani. Baraza hasa, somo, kama ile ya kwa bibi yako Ngamiani: watu wamekaa ukingoni, mikono magotini, hakuna anayemharakisha mwenziwe.

Mbele ya baraza hiyo kuna uwanja wa changarawe nyeupe, urefu wake kama mita 25 na upana kama mita 10, na ndani yake mawe 15. Basi. Hakuna ua, hakuna mti, hakuna hata tone la maji. Chini ya mawe tu ndiko kumeota kijani, vile vimea vifupi kama zulia vinavyopenda mahali penye unyevu. Changarawe imepigwa reki ikaacha mistari iliyonyooka toka mwanzo hadi mwisho, lakini inapolifikia jiwe mistari inapinda na kulizunguka, kama maji yanavyouzunguka mwamba pwani wakati wa kupwa. Jua lilikuwa bado chini, kwa hiyo kila mstari ulikuwa na kivuli chake chembamba. Kulikuwa na jani moja jekundu limeanguka katikati ya mistari miwili, dogo kama kiganja cha mtoto mchanga. Nililiangalia jani lile muda mrefu kuliko nilivyowahi kuangalia picha yoyote ukutani.

Ukuta wa nyuma ni wa udongo uliochemshwa na mafuta. Kwa karne nyingi mafuta yamekuwa yakijitokeza polepole, yamechora mabaka ya kahawia na meusi ambayo hakuna fundi aliyeyakusudia. Wewe ungeupenda ukuta ule kuliko mawe yenyewe, nakujua.

Sasa sikiliza. Mawe ni 15, lakini popote utakapokaa kwenye baraza ile hutaona zaidi ya 14. Kila ukisogea, lililojificha linatokea na jingine linajificha. Nilihesabu nikiwa mwisho wa kushoto, nikahesabu katikati, nikahesabu mwisho wa kulia. Kumi na manne. Bibi mmoja wa Kijapani aliyekaa karibu nami aliona midomo yangu ikihesabu. Akaniinulia vidole kumi, kisha vinne, akatikisa kichwa na kutabasamu. Nani aliyeupanga uwanja ule, na kwa maana gani, hakuna ajuaye mpaka leo.

Hapo ndipo nilipokukumbuka mpaka nikaona uchungu. Safari ya peke yako ina raha yake, sikatai. Unakaa utakavyo, unaondoka utakavyo. Lakini kama ungekuwa umekaa wewe mwisho wa kulia na mimi mwisho wa kushoto, tungeyaona yote kumi na matano, ningekupungia mkono na wewe ungenipungia. Nilikaa pale karibu saa nzima nikiwaza jambo hilo tu.

Nyuma ya jengo kuna birika la jiwe la kunawia mikono, la mviringo kama sarafu, na tundu lake la maji ni la mraba. Kila upande wa tundu kumechongwa herufi, jumla nne, na kila moja peke yake haijakamilika. Herufi ya Kijapani ya mdomo ni mraba mtupu. Ukilichukua lile tundu la katikati ukaliunganisha na kila herufi, zote nne zinakamilika, na maneno yanasomeka: najua kutosheka, basi. Sisi tunalo neno moja tu la hayo yote, kinaa, na niliona fahari kwamba Kiswahili kimelipata kwa ufupi hivyo.

Kutoka hapo nilitembea kwa miguu kama dakika ishirini hadi Kinkaku-ji, lile hekalu lililopakwa dhahabu ambalo umeliona kwenye kalenda. Ni zuri, linang'aa juu ya ziwa lake, lakini watu walikuwa wengi tunasukumana, na wewe unajua mimi na misukumano. Lile la zamani liliteketezwa kwa moto na mtawa kijana mwaka 1950. Hili tunaloliona lilijengwa upya mwaka 1955. Nilipiga picha mbili nikatoka. Tiketi yake nimekuwekea, ni karatasi ndefu yenye maandishi ya dua zao na muhuri mwekundu.

Haya, chakula. Nilipanda basi mpaka upande wa mashariki wa mji, chini ya vilima, kwenye hekalu la Nanzen-ji. Basi za huku unapandia mlango wa nyuma na kulipa nauli unaposhukia mbele, yeni 230. Karibu na Nanzen-ji kuna nyumba za kula zinazopika yudofu, yaani tofu ya moto (tofu ni kama jibini, ila ya maziwa ya soya), chakula kilichotoka kwenye majiko ya watawa. Chakula cha watawa cha asili hakitiwi nyama wala samaki, na hata kitunguu na kitunguu saumu vinaepukwa. Kwa hiyo mimi nilikuwa na amani zaidi huko kuliko mgahawa wowote wa Osaka. Hofu yangu ilikuwa mirin tu, ule mvinyo mtamu wa mchele wanaoutia karibu kila mchuzi. Nilimwonyesha mhudumu kikaratasi changu kilichoandikwa kwa Kijapani kwamba sinywi wala sili chenye pombe. Akakisoma, akainama, akaondoka na kibakuli cha mchuzi, akarudi na chumvi, tangawizi iliyokunwa na majani ya kitunguu yaliyokatwa membamba kama nyuzi. Alikuwa ameshaelewa yote bila sisi kusemezana neno.

Wanakuletea chungu cha udongo juu ya jiko dogo la moto hapo hapo mezani. Ndani yake maji, kipande cha mwani mpana kama mkanda, uitwao konbu, na vipande vyeupe vya tofu. Hakuna kingine. Unangoja vipande vianze kutikisika, unavitoa kwa kijiko chenye matundu. Cha kwanza nilikula kitupu, bila hata chumvi. Ni laini kuliko mkate wa kumimina, kinayeyuka, kisha nyuma ya ulimi inakuja ladha ya mbali ya bahari kutoka kwenye ule mwani. Nilimfikiria mama, anavyoanika mwani uani kusubiri wanunuzi, na sisi kwetu hatujauonja hata siku moja!

Najua utauliza inapikwaje. Soya inalowekwa usiku kucha, inasagwa na maji, inachemshwa na kukamuliwa kwenye kitambaa, vile vile tunavyokamua tui. Kisha maziwa yake yanatiwa nigari, yale maji machungu yanayobaki chumvi ya bahari ikishaganda, na yenyewe yanashikana. Kyoto inasifiwa kwa tofu kwa sababu maji yake ya ardhini ni laini, chokaa yake haba. Hapo nilimwelewa mpishi kwa lugha ya maabara yangu. Yale maji ya kisima yanayokuachia magamba kwenye birika, ungeyapikia hii tofu isingekuwa hivi.

Na maji ndiyo yaliyonifanya nichelewe Nanzen-ji. Katikati ya hekalu, kati ya miti ya momiji iliyowaka nyekundu, limesimama daraja la matofali lenye matao, kama kitu kilichotoka Ulaya. Juu yake hapapiti watu wala magari, yanapita maji! Lilijengwa mwaka 1888, ni sehemu ya mfereji unaoleta maji kutoka Ziwa Biwa, ziwa kubwa kuliko yote Japani. Mfalme alipohama, Kyoto ilianza kufa, watu wakawa wanaondoka. Viongozi wakaamua kutoboa milima walete maji ya ziwa, na kazi akapewa kijana aitwaye Tanabe Sakuro aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, na andiko lake la kuhitimu lilihusu mfereji huo huo. Mwaka 1890 maji yakafika. Mwaka uliofuata yakaanza kuzalisha umeme, na mwaka 1895 umeme huo ukaendesha tramu ya kwanza ya umeme nchini. Nilipanda kijia cha pembeni nikatazama: maji yanakwenda mbio, masafi, na mji unayanywa mpaka leo. Somo, nilisimama pale nikasema, hii ndiyo kazi yangu. Miaka yote hii ya kupima klorini na kusoma mita, sikuwahi kuiona kazi yangu ikiwa nzuri namna ile.

Alasiri nilikwenda soko la Nishiki. Ni kichochoro kimoja chembamba kilichoezekwa juu, urefu kama mita 400, na maduka zaidi ya mia. Achari zao zimejaa mapipa: biringanya, matango, na moja ya tanipu, mzizi wa jamii ya figili, nyeupe kubwa ya duara iliyokatwa membamba hadi unaona mwanga upande wa pili. Wanaiita senmaizuke, yaani ya vipande elfu, na ni ya majira haya ya baridi. Nilinunua ya biringanya. Ni chachu ya kiungwana, haikuumi kama ndimu yetu ya kukausha. Pweza nao wapo, wadogo kama kidole gumba, wekundu, wamechomekwa kwenye kijiti na kichwani wametiwa yai la kware. Niliuliza mchuzi wake, una mirin, nikaacha. Roho iliniuma, sikufichi.

Lakini zawadi yako nimeipata humo humo. Kuna duka la visu, Aritsugu, lililoanza mwaka 1560 kwa kufua panga, sasa ni visu vya jikoni. Nilikuchagulia kimoja cha samaki, si kikubwa, mpini wa mbao. Wanakuchongea jina palepale. Fundi alikiweka kwenye kigogo, akachukua patasi ndogo na nyundo, na kwa kila pigo moja la nyundo unaona mstari mfupi umetokea kwenye chuma. Aliniuliza jina, nikamwandikia ZAINABU. Akaonyesha kidole kifuani kwangu: wewe? Nikatikisa kichwa, kisha nikaitika, nikashindwa kumweleza. Alingoja kwa adabu, kisha akaanza kugonga.

Jua huku linazama kabla ya saa kumi na moja. Niliwahi kushuka kando ya mto Kamo, nikatafuta mahali pakavu kwenye nyasi, nikatandaza kanga, nikaswali adhuhuri na alasiri pamoja kwa kuwa ni msafiri. Nilipotoa salamu niliona korongo amesimama kwenye maji mbele yangu, mguu mmoja, ametulia kama jiwe la kumi na tano.

Ndege yangu ni tarehe 4 Desemba. Kisu nitakitia kwenye begi la chini, usihofu. Wewe mwambie Shaame wa feri akuwekee pweza mkubwa, na mwombe mama abakishe mwani kidogo asiuuze wote. Nataka kujaribu kumpika pweza kwa mchuzi wa mwani.

Wasalimie wote, na mtoto umbusu kwa niaba yangu.

Somo yako akupendaye,
Zainabu