Barua kwa rafiki aliyeniuliza kuhusu Super Smash Bros. Ultimate

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie. Barua yako niliipata, nikaisoma mara mbili, kwa sababu swali uliloniuliza linaonekana dogo lakini halijibiki kwa ndiyo wala kwa hapana. Umeandika kwamba wewe na kaka yako, ambaye sasa anaishi nchi nyingine, mnataka kununua Super Smash Bros. Ultimate, ule mchezo wa video wa kupigana wa Nintendo Switch, ili kila Jumamosi usiku mpigane kupitia intaneti, kama mlivyokuwa mkipigana sebuleni mlipokuwa wadogo, na unataka nikueleze uzuri na ubaya wake kabla hamjatoa fedha. Nimeucheza mchezo huu kwa miaka kadhaa, nikiwa na watu na nikiwa peke yangu, kwa hiyo nitakujibu bila kukuficha kitu. Niseme mapema kwamba katika michezo ya aina yake sijaona unaoupita, ila uzuri wake unakaa chumbani, nanyi mnautaka kwa kazi ileile inayoushinda.

Nianze na uzuri, maana ndio mwingi. Michezo ya kupigana tuliyoizoea humpa kila mpiganaji mstari wa uhai juu ya skrini, na mstari ukiisha naye amekwisha. Hapa hakuna mstari. Kila pigo linamwongezea mpiganaji asilimia, kuanzia 0 hadi 999, na kadiri zinavyopanda ndivyo anavyozidi kurushwa mbali akipigwa. Hafi kwa sababu ya kuchoka. Anakufa kwa kutupwa nje ya mipaka ya uwanja, au kwa kuporomoka shimoni akashindwa kurudi. Ndiyo maana mwenye asilimia 150 anaweza kuponyoka, akarukaruka kama kuku aliyekoswa na kisu, na mwisho akashinda, huku mwenye 60 aliyezembea ukingoni akapotea kwa pigo moja. Hakuna pambano linaloisha kabla halijaisha, na aliyeko nyuma hana sababu ya kuweka pedi chini.

Wazo hilo si geni. Masahiro Sakurai, ambaye ndiye mwongozaji wa mfululizo huu tangu mwanzo, alilijaribu kwanza pamoja na Satoru Iwata, aliyekuja kuwa rais wa Nintendo, kwa vibonzo visivyo na jina, na wahusika mashuhuri wa Nintendo waliingizwa baadaye. Mchezo wa kwanza ukatoka mwaka 1999 kwa Nintendo 64, mashine ya michezo ya wakati huo, ukiwa na wapiganaji 12. Nakutajia historia hiyo kwa sababu inaeleza jambo ambalo watu wengi hulikosea: wanadhani mchezo huu unapendwa kwa kuwa Mario anampiga Pikachu, na kweli wengi huvutwa na hilo, lakini kinachowafanya wabaki ni ile hesabu ya asilimia, ambayo ilikuwa imeshapendeza kabla ya Mario hajaingia.

Jambo la pili ni wepesi wa kuushika. Karibu kila mpiganaji hutumia vitufe vilevile: kimoja cha mapigo ya kawaida, kingine cha mapigo maalumu, na upande unaosukumia kijiti ndio unaoamua pigo gani litoke. Hakuna mlolongo mrefu wa kukariri. Siku moja binamu yangu, ambaye hakuwahi kushika pedi maishani mwake, aliketi kati yetu watatu tuliojiona mabingwa, akamchagua Kirby kwa kuwa ni mviringo. Mara tatu alijitumbukiza shimoni mwenyewe bila kuguswa na mtu. Mara ya nne aliokota rungu la besiboli lililodondoka karibu naye, akasukuma kijiti, Kirby akavuta mkono nyuma taratibu kiasi kwamba sote tuliona linalokuja, na mimi, niliyekuwa nimetoka tu kujitapa, nikaruka nje ya skrini nikiwa kinyota kinachomeremeta. Binamu alisimama juu ya kochi. Hakuna mchezo mwingine wa kupigana ambao mgeni wa dakika kumi angeweza kunifanyia hivyo, na hakuna mwingine ambao ningefurahi kufanyiwa.

Kisha kuna huo mkusanyiko wenyewe. Ultimate ulitoka tarehe 7 Desemba 2018 kwa Nintendo Switch, ukamrudisha kila mpiganaji aliyewahi kuonekana katika matoleo yaliyotangulia, na nyongeza zilipokamilika mwezi Oktoba 2021 kwa kuingia kwa Sora wa Kingdom Hearts, idadi yao ilikuwa imepita 80. Lakini wingi peke yake si hoja. Ninachokistahi ni namna kila mgeni alivyokuja na tabia za kwao. Ryu bado anakubali mizunguko ya kijiti iliyomtambulisha katika Street Fighter. Steve wa Minecraft anachimba mawe na kujenga matofali katikati ya pambano. Snake wa Metal Gear anatega mabomu na kujificha. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Little Mac, bondia. Akiwa ardhini anatisha, ngumi zake ni za kasi na nzito. Ukimrusha hewani anakuwa si kitu, kwa sababu bondia hakufundishwa kuruka, na mara nyingi anakufa akiwa na asilimia chache kwa kukosa tu njia ya kurudi uwanjani. Waliomuumba walikubali awe dhaifu ili abaki kuwa yeye. Ongezea viwanja zaidi ya 100 na nyimbo zaidi ya 800, uelewe kwa nini umeuza nakala zaidi ya milioni 30, nyingi kuliko mchezo wowote mwingine wa kupigana.

Sasa nigeuze upande wa pili, nikianza na yale madogo. Ukiuwasha kwa mara ya kwanza utawakuta wapiganaji wanane tu. Waliobaki wamefungiwa, nao hujitokeza mmoja mmoja kadiri unavyocheza, na kila mmoja hukudai umshinde kwanza. Kwa mtu mwenye subira ni raha, ila ukialika watu usiku uleule wa kwanza, kila mmoja atamtafuta mpenzi wake asimwone. Wale 12 walioongezwa baada ya 2018 huuzwa kando. Upande wa mchezaji mmoja, ile safari ya World of Light inaanza vizuri mno, Kirby akiwa ndiye pekee aliyenusurika, kisha inageuka kuwa mamia ya mapambano yanayofanana, na mimi niliimaliza kwa ukaidi zaidi kuliko kwa hamu. Wapiganaji wa upanga nao wamezidi: kutoka mfululizo wa michezo wa Fire Emblem pekee wapo wanane, na kuna jioni ambazo uwanja mzima unakuwa kama karakana ya visu. Wachezaji wanane wanaweza kucheza kwa wakati mmoja, hiyo ni kweli, lakini kamera hulazimika kurudi nyuma hadi wote waonekane, na katika skrini ya Switch ya kwanza ikiwa mkononi, yenye inchi 6.2, unabaki kumtafuta mtu wako kama unayetafuta sindano mchangani.

Uwiano wa nguvu nao haukukaa sawa, na kwa wapiganaji zaidi ya 80 nisingetarajia ukae. Steve niliyemsifu hapo juu amewatesa washindani kiasi kwamba baadhi ya waandaaji wa mashindano walimpiga marufuku. Masahihisho ya nguvu za wapiganaji yalikoma baada ya mwaka 2021, kwa hiyo kilichopinda wakati huo kimebaki kimepinda. Kwenu wawili haya hayana uzito. Mkikubaliana tu kwamba Steve haguswi, mmeshalimaliza.

Lisilomalizika kwa makubaliano ni intaneti, na hapo naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo lilipo swali lako.

Mchezo huu huchora picha 60 kwa sekunde, na maamuzi mengi yanaamuliwa ndani ya picha chache kati ya hizo. Chukua kinga pekee. Ukiinua ngao, kisha ukaiachia ndani ya fremu 5, yaani picha 5 kati ya hizo, kabla ya pigo kugusa, unalizuia pigo hilo bila hasara na kupata nafasi ya kulipiza. Fremu 5 ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Chumbani, baada ya mazoezi, mkono hulizoea jambo hilo hadi likawa kama kupepesa jicho. Kupitia intaneti hali ni tofauti, kwa sababu mashine zenu mbili zitazungumza moja kwa moja, na mchezo umeundwa kwa mtindo wa kungojeana: hakuna mashine inayolisogeza pambano mbele mpaka ijue mwenzake amebonyeza nini. Ili jambo hilo lisionekane kwa macho, kila unachobonyeza hucheleweshwa kidogo kwa makusudi. Mkiwa mji mmoja, ucheleweshaji huo unavumilika. Mkiwa nchi mbili tofauti, habari za vitufe zinasafiri mbali, nawe unabonyeza kuruka, unahesabu, ndipo anaruka. Na njia ikijaa kwa sekunde moja, wote mnaganda hewani kama nguo kwenye kamba. Mkiwa wanne, mwenye intaneti mbovu kuliko wote ndiye anayewapangia kasi wenzake.

Mtindo mwingine upo. Mashine hubashiri kitufe atakachobonyeza mwenzako, ikaendelea bila kungoja, na ikikosea inarudi nyuma fremu chache na kusahihisha upesi kabla jicho halijang'amua. Guilty Gear Strive ya 2021 na Street Fighter 6 ya 2023 zinatumia mtindo huo, na ndiyo maana watu walio mbali hucheza humo wakaridhika. Ultimate hauna, wala nyongeza zake hazikuuleta. Kinachochoma zaidi ni kwamba mchezo unaotegemea hisia ya uzito wa mwili, kujua hasa ni lini miguu itagusa ardhi na ukingo uko umbali gani, ndio unaoumizwa zaidi na kuchelewa. Mpiganaji yuleyule, mapigo yaleyale, lakini unahisi kama unamwendesha kwa kamba ndefu.

Huenda ukaniuliza kwa nini basi msitafute mchezo wa mkusanyiko uliojengwa kwa ajili ya intaneti tangu mwanzo. Ulikuwepo: MultiVersus, wenye Batman na Bugs Bunny katika uwanja mmoja, wa bure, na wenye ule mtindo wa kubashiri. Ulifunguliwa kwa majaribio mwaka 2022, ukafungwa, ukarudi Mei 2024, na tarehe 30 Mei 2025 seva zake zikazimwa moja kwa moja. Siusemi ili kuucheka, kwani katika uunganishaji ulikuwa mbele. Ila baada ya kuona hivyo nimeanza kuuthamini zaidi mchezo wa kaseti unaowaka hata ruta ikiwa imechomolewa, ukanikuta na watu watatu na pedi nne.

Kwa hiyo, kama sababu pekee ni Jumamosi hizo za mbali, mimi nisingenunua. Mtahitaji Switch mbili, nakala mbili na usajili wa kucheza mtandaoni kwa kila mmoja, mkalipia zaidi ili mpate sehemu mbaya zaidi ya mchezo. Ikiwa hata hivyo mmeamua, fanyeni mambo haya: mfungue chumba chenu wenyewe kwa nenosiri, msijitose kwa wageni, muunganishe mashine kwa waya, kwani Wi-Fi ndiyo inayoharibu mengi, na jueni kwamba kitako cha Switch ya OLED, kile kinachoiunganisha na televisheni, kina tundu la waya huo huku kile cha Switch ya kwanza kikihitaji kifaa cha kuchomeka pembeni, tena mchague wapiganaji wazito na wa mapigo ya wazi, kama Donkey Kong au Ganondorf, ambao kuchelewa kidogo hakuwavui nguo sana, na mcheze kwa kucheka, msicheze kwa kuhesabu nani ameshinda ngapi. Ukianza kuhesabu mtagombana, na kila mmoja atakuwa na haki ya kulaumu waya.

Lakini umeandika pia, kwenye mstari wa mwisho na kama kwa kupitia tu, kwamba kaka yako anakuja likizo mwezi wa kumi na mbili na atakaa wiki tatu. Ningekuwa wewe ningeanzia hapo. Usinunue kitu kwa sasa. Switch yangu nitaibeba, na wapiganaji wote nilikwishawafungua zamani, kwa hiyo hakuna atakayemtafuta wake asimpate. Pedi ninazo mbili nzima na moja ambayo kijiti chake huvuta kushoto chenyewe. Hiyo ya tatu nitaishika mimi, kwa kuwa nimeshaizoea na kwa kuwa nitahitaji kisingizio. Nitamchukua Little Mac. Mwambie kaka yako anirushe hewani mapema.

Ndimi rafiki yako wa siku zote.