Dada, Mama Akioshwa Mimi Nilikuwa Natazama Maua

Dada,

Miaka mitano sasa. Wali wako wa nazi ya kopo bado naukumbuka, na lile blanketi ulilokuwa ukinifunika kila usiku kama mtoto. Hata siku zile nilipokuwa sipokei simu zako, hayo sikuyasahau.

Lakini Kasuga Taisha, lile hekalu la Nara huko Japani, imenikaa kooni.

Tulikuwa tunapanda ile njia ya msituni, kandili za mawe zimeota ukoga, kulungu wanatufuata wakidai biskuti. Ulikuwa na furaha, Dada. Hekalu la mwaka 768, ukaniambia, kandili kama 3,000, na mungu wao alifika hapo juu ya kulungu mweupe, ndiyo maana kulungu wa Nara hawaguswi. Simu ikalia. Ukasogea pembeni. Uliporudi ukasema, "Watu wa kazini."

Ukanipeleka kwenye maji. Mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, kisha kinywa. Nikakwambia sisi tawadha tunaanzia kulia. Hukujibu. Kata ilikuwa imekwisha maji nawe bado umeiinamisha juu ya mkono. Nikadhani ni heshima ya mahali.

Tukatazama ule mfuji, mti wa maua utambaao, wa miaka zaidi ya 700, ambao vichala vyake vya zambarau hushuka hadi jina lake likawa mgusa mchanga. Bado ukanipeleka bustanini, kwenye mifuji mingine kama 200. Ukasema, "Simama hapo nikupige picha."

Ukanieleza saa mbili usiku, tumesharudi kwako Osaka. Tanga ni saa nane mchana. Adhuhuri imeshaswaliwa, Mama keshazikwa.

Najua nisingewahi. Lakini ningesikia dua hata kwa simu. Ningelia naye akiwa bado juu ya ardhi! Habari ya msiba haifichwi, Dada, hata kwa huruma. Mwenye nayo aitoe.

Na kuhusu Baba kulazwa mwaka jana, usinilinganishe. Ulikuwa na mimba ya miezi minane, peke yako ugenini, na daktari alishakwambia upumzike. Ningekwambia ili ufanye nini? Nilikuwa nakulinda. Nilikusudia kukwambia akitoka, na alitoka.

Ile picha ninayo. Nacheka, maua yamenigusa bega. Uliipiga kwa simu ileile.