Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi, tufundisheni kusoma beji za wazee wetu

Mheshimiwa Waziri,

Naiomba wizara yako ichapishe mwongozo wa wazi, kwa Kiswahili, unaoeleza nembo za vikosi ambavyo Wakenya wamevitumikia tangu enzi za KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki wakati wa ukoloni.

Kuna nyumba zenye picha ya babu aliyevaa sare, begani pana kichwa cha kifaru. Wajukuu hudhani ni pambo, au cheo. Cheo kilikuwa kwenye tepe: mbili ni koplo, tatu ni sajini. Kichwa cha kifaru kilikuwa nembo ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyowachukua vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland hadi Burma. Mwaka 1944 walishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa, wakiwasukuma Wajapani, na Desemba wakavuka mto Chindwin. Barua za mzee zinaweza kuwa zimepotea zote, lakini bega lake bado linasema alikuwa wa jeshi lile.

Nembo kama hizo zilichorwa bila jina kwa makusudi, mwenzako akutambue na adui asijue wewe ni wa wapi. Siri hiyo ilifaa vitani. Leo inawafungia nje watoto wa nyumbani, na hilo linaniuma.

Hata beji ikibanduliwa, haiondoki yote. Shati kuukuu la kijeshi ukilishika kwenye mwanga utaona mahali ilipokuwa: kitambaa kimebaki na rangi nzito kwa kuwa jua halikukifikia, na matundu ya sindano yanafuata umbo lake pande zote. Anayeyajua maumbo ataanza kukitafuta kikosi hapo hapo. Ila ni nani aliyemfundisha?

Tena msiishie KAR. Batalioni za 3, 5 na 11 ziligeuka Kenya Rifles, jeshi la Kenya huru, wakati wa uhuru, na ya 11 ikavunjwa baada ya maasi ya askari wake katika kambi ya Lanet, karibu na Nakuru, Januari 1964. Nembo yake pia ielezwe. Waliopita humo hawakuwa waasi wote, na watoto wao wana haki ya kujua baba alivaa nini.

Marekani wana taasisi ya nembo huko Fort Belvoir, Virginia, na maana ya rangi na maumbo huwekwa hadharani. Askari wao wa nchi kavu huvaa nembo ya kikosi chake cha sasa begani kushoto. Ya kulia ni ya kikosi alichokwenda nacho vitani. Raia akiijua kanuni hiyo, anasoma safari ya askari kwa kumtazama tu.

Sheria inayomkataza raia kuvaa sare za jeshi ibaki ilivyo. Kujua maana ya beji si kuivaa.

Anzeni na za Burma, maana waliozivaa wamebaki wachache mno. Afisa wako aketi nao na picha zao sasa, kisha nakala zifike maktaba za kaunti zote.

Wako mwaminifu,
Mwananchi