Pengwini Walipotozwa Ushuru

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata na nimekuelewa: umeacha kufuatilia taarifa ya habari kwa sababu kila ukifungua ni vita, mafuriko na wanasiasa wananyoosheana vidole, na sasa unataka nikuchagulie zile za kuchekesha tu, ziwe za kweli na zisiwe na damu. Kazi nimeikubali, ila usitegemee mambo ya tumbili aliyeiba simu. Vituko vya wanyama vimenichosha. Mnyama anafanya yake, kosa liko wapi? Ninayemtafuta mimi ni yule mtu mzima, mwenye cheo na katibu muhtasi, anayesimama mbele ya vipaza sauti na kukieleza kituko kwa uso mkavu kama anayesoma bajeti. Huyo akinipata siku moja, nacheka wiki nzima.

Mfalme wa habari za namna hii, kwangu, bado ni ile ya ushuru. Tarehe 2 Aprili 2025 Donald Trump alisimama kwenye bustani ya Ikulu ya Marekani akiwa na bango kubwa la majina ya nchi na asilimia ambazo kila nchi ingetozwa kwa bidhaa zake. Katika orodha ya siku hiyo vilikuwamo Visiwa vya Heard na McDonald, asilimia 10. Ukivitafuta kwenye ramani, anza na Bahari ya Hindi, shuka kusini, shuka tena, ukishaona unakaribia Antaktika umefika. Ni milki ya Australia. Kuna volkano iliyo hai inayoitwa Big Ben, kuna barafu, kuna sili, na kuna pengwini hadi basi. Mtu hakuna hata wa dawa. Hakuna gati, hakuna duka, hakuna afisa wa forodha. Kwenda huko unapanda meli Perth na kukaa majini kama wiki mbili, tena bahari ikikuonea huruma.

Asiyekuwapo na lake halipo, lakini hawa hawakuwapo na lao likapangwa vilevile.

Australia yenyewe ilipewa asilimia 10, kwa hiyo huwezi kusema pengwini wameonewa. Wametendewa kama raia wengine. Wenye haki ya kununa ni watu wa Kisiwa cha Norfolk, ambao hawazidi elfu mbili na ushei, nao wako chini ya Australia lakini walibandikwa asilimia 29. Waziri Mkuu Anthony Albanese alisema hana hakika kama Norfolk ni mshindani wa kibiashara wa uchumi mkubwa wa Marekani. Sentensi ya kistaarabu kabisa hiyo, lakini ukiisikiliza vizuri unamwona mtu anavyoubana mdomo.

Sasa tulia hapa kidogo. Waandishi walipoanza kuchimba wakakuta takwimu za Benki ya Dunia zinazosema kwamba mwaka 2022 Marekani iliagiza kutoka Heard na McDonald bidhaa za dola milioni 1.4, karibu zote mashine na vifaa vya umeme. Mashine! Kutoka kisiwa ambacho kilicho hai juu yake kina mbawa fupi au mapezi. Kwa upande wa Norfolk, ilionekana kwamba baadhi ya makaratasi ya mizigo yalikuwa yameandikwa asili isiyo yenyewe, kwa sababu Norfolk ziko nyingi duniani na mtu akikosea moja amekosea bara zima. Mimi nakisia tu, lakini karani namwona: jioni imeingia, anajaza fomu kwenye kompyuta, orodha ya nchi inashuka kwenye skrini, kidole kinateleza mstari mmoja, anabonyeza, anakwenda zake nyumbani. Kosa linaingia kwenye takwimu, takwimu zinaingia kwenye majedwali, na karani mwenyewe hajui kwamba amefungua kiwanda cha vifaa vya umeme chini ya volkano.

Lakini kilichonimaliza ni maelezo. Waziri wa Biashara, Howard Lutnick, alipoulizwa kwenye televisheni hakusema walipitiwa. Alisema visiwa vimewekwa kwa makusudi, ili kuziba mianya, nchi nyingine zisije zikapitishia bidhaa zao huko kukwepa ushuru. Yaani kuna mfanyabiashara mjanja mahali fulani ambaye angepeleka meli yake wiki mbili kwenye mawimbi yale, ashushe kontena mahali pasipo na kreni, pengwini watie saini, halafu apakie tena kuelekea California. Na ubaya wake, sahibu, maelezo yale yana mantiki. Ukifumba macho unamsikia mtu makini aliyefanya kazi yake ya nyumbani. Balaa linaanza ukifumbua.

Wapo viongozi waliojaliwa, tusiwasahau. Mwaka 2021 mkulima mmoja wa Ubelgiji, huko Erquelinnes, alichoshwa na jiwe lililokuwa linamzuia kupita na trekta. Akalisogeza. Mita 2.29, hilo tu. Shida ni kwamba jiwe lile lilikuwa limechongwa mwaka 1819 na ni la mpaka wa Ubelgiji na Ufaransa, ule uliokubaliwa kwenye Mkataba wa Kortrijk wa 1820. Kwa hiyo, bila risasi moja na bila tamko la Umoja wa Mataifa, Ubelgiji ikawa imepanuka na Ufaransa imepungua, na hakuna aliyejua mpaka wapenzi wa historia wa eneo hilo walipopita msituni wakaona jiwe halipo mahali pake.

Hapo ungetegemea vikao. Badala yake meya wa upande wa Ubelgiji alikiri hadharani kwamba yeye alifurahi, mji wake umekuwa mkubwa, ila mwenzake wa Ufaransa hakukubaliana naye. Naye mwenzake, upande wa Bousignies-sur-Roc, akasema anaamini wanaweza kuepuka vita vipya vya mpaka. Nawapenda hawa watu bila hata kuwajua. Lakini serikali haikosi njia ya kuifanya habari kuwa serikali: kama mkulima angekataa kulirudisha jiwe, ilielezwa, suala lingepelekwa kwenye tume ya mpaka ya nchi hizo mbili, ambayo haikuwa imefanya kazi tangu 1930. Nilitamani sana akatae. Hebu fikiria barua za kuitisha kikao cha kwanza baada ya miaka tisini na moja, ajenda ya kwanza ikiwa kusoma na kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita.

Ya letusi iliyodumu kuliko uwaziri mkuu wa Liz Truss huko Uingereza unaijua, siirudii. Ndizi iliyobandikwa ukutani na utepe wa gundi ikaitwa sanaa nayo unaijua, ingawa nitakukumbusha kwamba bei yake ilianza dola 120,000 mwaka 2019 na kufikia dola milioni 6.2 kwenye mnada wa Novemba 2024, halafu mnunuzi akaila mbele ya waandishi. Wengi walimcheka. Mimi naona aliifanyia ndizi ile jambo linalofanyiwa ndizi.

Katika sanaa, aliyenifurahisha zaidi ni Mdenishi, Jens Haaning. Jumba la makumbusho la Kunsten, mjini Aalborg, lilimkabidhi mwaka 2021 krona 534,000, noti halisi, azibandike kwenye fremu kuonyesha kipato cha mwaka cha mfanyakazi wa Denmark na wa Austria, kama alivyokuwa amefanya katika kazi zake za zamani. Sanduku lilipofika likafunguliwa: turubai mbili tupu, nyeupe pe. Jina la kazi: Chukua Pesa Ukimbie. Alipoulizwa, akajibu kwamba kazi yenyewe ndiyo hiyo, kwamba amechukua pesa zao. Mkurugenzi wa jumba akasema aliziona akacheka. Akazitundika. Watu wakaja wakasimama mbele ya weupe ule wakitikisa kichwa. Kisha, maonyesho yalipokwisha na pesa hazikurudi, akaenda mahakamani. Mwaka 2023 hakimu akaamua msanii arudishe krona 492,549, akiwa amemkatia kama elfu arobaini za ujira na gharama za maonyesho. Hiyo hesabu ndiyo tamu yenyewe, maana maana yake ni kwamba mahakama imekiri kazi imefanyika. Turubai zilikuwa tupu, lakini zilikuwa tupu kitaalamu.

Mawakili nao siku hizi hawako nyuma. Huko New York abiria mmoja alilishtaki shirika la ndege akisema kitoroli cha kuhudumia kilimgonga goti. Mawakili wake wakawasilisha hoja iliyojaa kesi za zamani, majina na namba zake, zote safi, ila kadhaa hazikuwahi kutokea popote. Zilikuwa zimetungwa na ChatGPT. Jaji akawatoza faini ya dola 5,000 mwezi Juni 2023. Kosa la kudanganywa na mashine naweza kulielewa. Kilichonishinda ni kwamba wakili alikuwa ameingiwa na shaka, na ili kuondoa shaka akaiuliza mashine ileile kama kesi hizo ni za kweli. Ikamhakikishia ni za kweli.

Twende Paris. Tarehe 19 Oktoba 2025, Jumapili asubuhi, jumba la makumbusho la Louvre likiwa limeshafungua milango kwa wageni, wezi waliegesha lori lenye ngazi ya kupandishia samani, wakapanda hadi kwenye baraza, wakakata dirisha na kuondoka na vito vya kifalme vya yuro milioni 88. Dakika zisizotimia nane. Taji la Malkia Eugénie liliwaponyoka njiani. Baadaye ikajulikana kwamba ukaguzi wa miaka zaidi ya kumi nyuma ulikuta nywila ya seva ya kamera za ulinzi ni “Louvre”. Hapo sina la kuongeza.

Ila kampuni ya Ujerumani iliyotengeneza ile ngazi, Böcker, ilikuwa nalo. Siku hazikupita, ikatoa tangazo likiwa na picha yenyewe ya lori chini ya dirisha, na maneno ya kuwaambia wateja kwamba mashine hiyo inawafaa wakiwa na haraka: inabeba hadi kilo 400, mita 42 kwa dakika. Na kiongozi wa kampuni, kwa uangalifu wa Kijerumani, akakumbusha kwamba kifaa hicho hakiruhusiwi kupakia watu. Yaani kati ya sheria zote zilizovunjwa asubuhi ile, ya kwake kuitetea ikawa ile ya kwenye kitabu cha maelekezo. Nilimkubali papo hapo.

Namaliza na choo, uniwie radhi kama unasoma ukila. Msanii yuleyule wa ndizi, Maurizio Cattelan, alitengeneza choo cha dhahabu ya karati 18 na kukiweka kwenye jumba la Guggenheim, New York, mwaka 2016, bomba likiwa limeunganishwa, na watu zaidi ya laki moja wakapanga foleni kukitumia. Ikulu ya Marekani ilipoomba kuazimwa mchoro wa Van Gogh mwaka uliofuata, msimamizi wa sanaa alijibu kwa adabu zote kwamba mchoro hautawezekana, ila choo kipo, na maelekezo ya kukifunga na kukitunza yatatolewa. Hiyo barua ningelipa kuiona fremuni kuliko choo chenyewe.

Mwaka 2019 choo kikapelekwa Uingereza, kasri ya Blenheim, alikozaliwa Churchill. Mkuu wa taasisi ya sanaa ya kasri hiyo, mtu wa ukoo uleule, aliulizwa kuhusu ulinzi. Akasema hakitakuwa kitu rahisi kuiba: kwanza kimefungwa kwenye mabomba, pili mwizi hatajua nani alikitumia mwisho wala alikula nini. Kwa hiyo hakuona haja ya kukilinda. Maonyesho yalipofunguliwa hazikupita siku nyingi, watu wakaja usiku na nyundo kubwa, dakika tano, wakaondoka nacho, maji yakabaki yanamwagika kwenye sakafu ya kihistoria. Hofu ya mlo wa mtu wa mwisho haikuwazuia. Wawili walitiwa hatiani mwaka 2025. Choo hakikuonekana tena.

Kulikuwa na pacha wake, lakini. Novemba 2025 kilipigwa mnada Sotheby's, na bei ya kuanzia iliwekwa kwa uzito wa dhahabu yake, zaidi ya kilo mia moja. Kazi ya sanaa pekee ambayo bei yake nimewahi kuielewa. Kikaenda kwa dola milioni 12.1, kwa Ripley's, kampuni ambayo biashara yake ni kuonyesha mambo yasiyoaminika.

Basi nikuulize wewe uliyewahi kusimamia ulinzi: ukipewa choo hicho, bomba limeunganishwa na wageni wanaruhusiwa kukitumia, mlinzi utamweka nje ya mlango au ndani?

Wasalimie wote.

Ni mimi, sahibu yako.