Salamu za Krismasi kutoka Makumira

Bwana Yesu asifiwe.

Ndugu zangu wana Makumira, mliobaki hapa katika chuo kikuu chetu cha Kilutheri karibu na Arusha na mliotawanyika katika sharika zenu, nawasalimu kwa furaha katika sikukuu hii ya kuzaliwa kwa Mwokozi. Majilio, majuma ya kungojea Krismasi, yamekwisha, kitambaa cha zambarau kimeondolewa madhabahuni na cheupe kimetandikwa, na barabara kuu ya Arusha na Moshi imejaa mabasi ya watu wanaokwenda kwao kula Krismasi. Juzi, nje ya kanisa la chuo, kijana mmoja alikuwa juu ya ngazi akitoa kwenye mifereji ya paa, konzi baada ya konzi, maua ya mjakaranda yaliyooza kwa mvua za vuli. Maua hayo huanguka wakati uleule wa Majilio, na kwa rangi ileile.

Ibada za hapa ni kongwe kuliko chuo kikuu chenyewe. Chuo cha theolojia kilianza mwaka 1947 huko Lwandai, katika milima ya Usambara, kikahamia Makumira mwaka 1954, miaka tisa kabla ya makanisa saba ya Kilutheri kuungana, tarehe 19 Juni 1963, na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Maana yake ni kwamba wachungaji watarajiwa wa makanisa mbalimbali walisali pamoja hapa kabla makanisa yao hayajawa kanisa moja. Sheria, ualimu na muziki vilikuja baadaye sana, na anayesoma masomo hayo leo akaingia katika ibada ya asubuhi anakuta desturi iliyomtangulia kwa miongo mingi.

Ardhi inayotuzunguka ina kumbukumbu nzito zaidi. Akeri, jirani zetu, ndipo wamisionari wa Leipzig, shirika la Kilutheri la Ujerumani, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipouawa Oktoba 1896, na Wajerumani wakalipiza kisasi kwa kuwashambulia Wameru, kuchoma makazi yao na kuteka mifugo yao. Wale wawili tunawakumbuka kwa majina, na ni haki yao. Wameru waliokufa katika kisasi kile hutajwa kwa nadra mno, na kwa maoni yangu sikukuu ambayo malaika waliimba amani duniani inatudai tuwaombolezee wote kwa sala moja. Injili ilirudi Meru mwaka 1902, kituo kilipofunguliwa Nkoaranga, ikapokelewa na watoto wa wale wale waliochomewa nyumba. Jambo hilo hunishangaza kila ninapolifikiri.

Lipo pia suala la majengo, nami nawaelekezea hasa ninyi wanafunzi wa theolojia. Vituo vya Leipzig vilianza Machame mwaka 1893 na Mamba mwaka 1894, na katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru bado yamesimama makanisa ya zamani ya mawe, yenye kuta nene zinazotunza ubaridi hata jua la mchana likiwa kali. Sharika zimekua, waumini hawaenei, na ni haki yao kutaka kanisa kubwa. Ila mara nyingi kamati ya ujenzi huona ni rahisi kubomoa la zamani kuliko kujenga kando yake. Miaka michache ijayo wenyeviti wa vikao hivyo mtakuwa ninyi.

Basi mnapokuwa nyumbani sikukuu hii, kabla ya kuketi kwenye nyama, litembeleeni kanisa la kwenu. Lipigeni picha nje na ndani, pimeni unene wa kuta, na waulizeni babu na bibi mawe yalichimbwa wapi, nani aliyachonga, na akina mama waliyabeba kwa njia ipi. Wengi wa wazee hao walisimuliwa na wazazi wao walioshiriki kazi hiyo. Andikeni masimulizi hayo kwa lugha waliyoyasema, Kimeru, Kichaga au Kiswahili, na myalete muhula utakapofunguliwa ili tuyasome pamoja.

Nawatakia ninyi na familia zenu Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.